MTOTO ASIACHE KEMIA
(Maneno ya Ndugu Mweka Hazina kwa wazazi, mkutano wa wanachama)



Nimeombwa niseme juu ya uhandisi wa biokemia. Jina refu, lakini kazi yenyewe tunaijua. Mama akiweka maziwa kwenye kibuyu yakaganda, vijidudu visivyoonekana ndivyo vilivyofanya kazi. Pombe nayo ni hivyo hivyo. Mhandisi huyu huvifanyisha kazi vijidudu katika matangi ya maelfu ya lita, akipima joto, hewa na usafi.

Penisilini iligunduliwa London mwaka 1928, lakini miaka mingi ilipatikana kidogo mno. Wahandisi wa Marekani ndio walioiweka kwenye matangi makubwa, na mwaka 1944 ikatoka kwa wingi. Aliyechora kiwanda cha kwanza cha biashara ni mwanamke, Margaret Hutchinson. Basi nani tena aniambie Hisabati si ya wasichana?

Na kwetu Tanga? Kilo 100 za majani ya mkonge hutoa nyuzi kama kilo 4 tu, mengine ni takataka. Pale Hale takataka hizo zilikwisha kutiwa kwenye mtambo zikatoa gesi ya kuendesha umeme. Hiyo ndiyo kazi yake. Yuko pia kwenye viwanda vya bia, maziwa, dawa, na kusafisha maji machafu.

Njia ni hii. Kidato cha Nne afaulu Fizikia, Kemia na Hisabati. Kidato cha Tano na Sita aendelee nayo, kisha Chuo Kikuu miaka 4. Mkopo wa serikali upo, aombe. Asiyefika Kidato cha Sita asikate tamaa: kuna vyuo vya ufundi, stashahada miaka 3, na toka huko wengine hupanda mpaka Chuo Kikuu.

Lakini njia zote hizo zinaanzia kwenye masomo ya sayansi. Nasema kwa uchungu. Binti yangu mkubwa nilimwambia mwenyewe aache Kemia, achukue masomo mepesi. Alipotaka kusomea kazi ya kiwanda cha maziwa, akaulizwa Kemia iko wapi. Kosa langu, si lake. Hajanilaumu, na hiyo ndiyo inaniuma zaidi.

Ndugu zangu, watoto wa Kidato cha Pili wataleta fomu za kuchagua masomo. Mzazi usitie saini mpaka umeonana na mwalimu wa sayansi.