Mandazi ya Viazi: Kiazi cha Shamba Lako Si cha Bure

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Nunguni



Leo tumeombwa tuongee juu ya mandazi ya viazi. Tutapika, lakini kwanza tuweke jambo moja wazi: kiazi ulichochimba shambani kwako si cha bure. Ukilisahau hilo, utakaa kwa moshi mwaka mzima na usijue pesa zilienda wapi.

Kwa nini viazi? Unga wa ngano tunanunua dukani, na ngano nyingi ya Kenya hutoka nje. Mwaka 2022, vita vya Urusi na Ukreni vilipoanza, bei ya unga ilipanda. Kiazi nacho kinapenda baridi ya milima hii ya Kilungu. Lakini tusidanganyane: zaidi ya robo tatu ya uzito wa kiazi ni maji. Nusu kilo ya viazi haiwezi kushika nafasi ya nusu kilo ya unga. Faida yake kubwa ni ulaini. Andazi la viazi halikauki upesi. Lililobaki jioni bado linalika asubuhi.

Vitu vinavyohitajika

Unga wa ngano kilo 1, viazi nusu kilo, sukari vijiko vya meza 8, hamira vijiko vya chai 2, chumvi nusu kijiko cha chai, maji ya uvuguvugu, na mafuta ya kukaangia.

Namna ya kupika

1. Chagua viazi vizima. Kiazi kilichogeuka kijani au kuota sana kina sumu, na kukipika hakuiondoi. Weka viazi vyako mahali penye giza.

2. Chemsha viazi na maganda yake ili visinywe maji mengi. Menya, ponda vikiwa moto mpaka pasiwe na mabonge, kisha ngoja vipoe. Viazi vya moto huua hamira.

3. Changanya unga, sukari, chumvi na hamira. Tia viazi, halafu maji kidogo kidogo. Hapa ndipo wengi huharibu. Viazi vina maji yake tayari, na donge likilowa sana litakunywa mafuta.

4. Kanda dakika 10, funika, weka karibu na jiko kwa saa moja au mpaka liumuke mara mbili. Baridi ya Julai ikifika, ngoja zaidi.

5. Sukuma unene wa kidole kidogo, kata vipande 36, acha dakika 15.

6. Tupa kipande kidogo cha donge kwa mafuta. Kikipanda juu mara moja na mapovu, anza kukaanga. Mafuta yasipopata moto wa kutosha, mandazi yatayanywa.

Tafadhali, karai likae imara juu ya mafiga, na watoto wakae mbali. Mafuta yakishika moto, usimwage maji kamwe! Funika kwa kifuniko na uondoe kuni.

Sasa tufanye hesabu

Bei hizi ni za mfano tu. Kila kikundi kiandike bei za soko lake. Tuseme unga ni shilingi 90, sukari 20, hamira 10 na mafuta yaliyotumika 60. Jumla 180. Mandazi 36 kwa shilingi 10 ni 360. Mama anafurahi: "Nimepata 180!"

Ngoja kwanza. Viazi vile sokoni vingeleta shilingi 30. Kuni ni 40. Basi gharama ni 250, na faida ni 110. Watoto wakila matano, inabaki 60. Mkiwa wawili mliopika, kila mmoja ana shilingi 30, sawa na bei ya viazi vile vikiuzwa vibichi bila moshi!

Je, tuache? Hapana. Pikeni kilo mbili kwa pamoja, kwa sababu safari ya sokoni ni ile ile na kuni haziongezeki maradufu. Pimeni mafuta kwa chupa kabla na baada ya kukaanga. Mandazi ya watoto yaandikwe kama yaliyouzwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni wiki tatu. Faida ikiwa ndogo kuliko ya kuuza viazi vibichi, uzeni viazi, na hiyo si aibu.

Mwethya uliinua matuta ya mashamba yetu kwa sababu watu walishika majembe pamoja. Daftari nalo lishikwe hivyo hivyo: lisomwe mbele ya wote kila mkutano.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni vitu gani tunavitumia kutoka nyumbani bila kuvihesabu?

2. Kazi ya mama anayeamka saa kumi usiku kupika, tunailipa vipi?

3. Nani atashika daftari, na nani atalikagua?

Sasa tuwashe moto, tujaribu pamoja.