Waya Mbovu Ndani ya Daraja



Waliofika Matadi wameliona daraja lile la kuning'inia: minara miwili, na kamba nene za chuma zinazobeba barabara juu ya mto Kongo. Lilifunguliwa mwaka 1983. Miaka 100 kabla yake, mwaka 1883, daraja la namna hiyo lilifunguliwa mjini New York, kule Marekani. Jina lake ni Brooklyn. Kati ya minara yake kuna mita 486. Siku zile hapakuwa na daraja la kuning'inia refu kulipita duniani. Wengi husifu urefu huo. Lakini leo tutazame ndani ya kamba zake.

Kila kamba ni nyaya zaidi ya 5.000 zilizofungwa pamoja. Mfanyabiashara J. Lloyd Haigh ndiye aliyepewa kazi ya kuzileta. Wakaguzi walipima waya wake, wakauona mzuri, wakaupitisha. Njiani mzigo ukabadilishwa: waya mzuri ukarudishwa ili upimwe tena, na waya mbovu ukapelekwa darajani. Mwaka 1878 hila hiyo ikafunuliwa. Lakini tani nyingi za waya mbovu zilikuwa zimekwisha kufungwa ndani ya kamba. Hapakuwa na namna ya kuzitoa.

Je, daraja lilianguka? Hapana! Kamba zilikuwa zimepangiwa nguvu mara 6 ya ile iliyohitajiwa. Fundi mkuu, Washington Roebling, akapiga hesabu, akaona kwamba pamoja na ubovu ule ilibaki karibu mara 5. Akaamuru kila kamba iongezwe nyaya nzuri 150, na mdanganyifu azilipie mwenyewe. Hata leo watu na magari wanapita pale.

Ndugu yangu fundi, wewe unayepunguza simenti na kuzidisha mchanga kwa sababu ukuta utapakwa rangi: watoto wa nani watalala chini ya ukuta huo? Na wewe, mama unayetunza sanduku la kikundi, usihesabu kwa kutosha tu. Weka akiba kwa siku ambayo mwenzako atakosa uaminifu. Mwizi alipokuja, nguvu aliyoizidisha Roebling ilikuwa tayari inamngoja.