Moshi Usio na Mwenyewe

Mhadhara wa umma, Ngokolo, Shinyanga

Mtaani kuna maoni mawili kuhusu zebaki, na yote hutamkwa kwa uhakika mkubwa. Wapo wanaosema wachimbaji wadogo hawaijui hatari yake, kwa hiyo wapewe elimu. Wapo wanaosema wanaijua sana, ila tamaa ya dhahabu imewapofusha, kwa hiyo waachwe na yao. Pande hizi mbili hubishana kila siku, lakini zote zinamtwisha mzigo mzima mtu aliyeshika beseni. Mimi nasema tatizo liko kwenye hesabu. Madhara ya zebaki hayaingii katika daftari la mtu yeyote anayefaidika na dhahabu, na hayataingia mpaka tabibu wa zahanati afundishwe kuyatambua na kuyaandika.

Tuanze na kazi yenyewe. Mawe yakishasagwa na mchanga kuoshwa, unaobaki mzito huchanganywa na zebaki, mara nyingi kwa mikono mitupu. Zebaki hushikana na dhahabu. Mchanganyiko hukamuliwa kwa kitambaa, likabaki donge la rangi ya fedha. Donge hilo huwekwa juu ya jiko la mkaa. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 hivi za Sentigredi, ikatoka kama mvuke, na dhahabu ikabaki. Wengi hudhani kazi imeishia hapo. Lakini dhahabu hiyo bado ina mabaki ya zebaki, na mnunuzi asiyetaka kulipia zebaki kwa bei ya dhahabu huichoma tena dukani kabla ya kuiweka kwenye mizani. Kwa hiyo anayedhani sumu hii ni ya machimboni tu amekosea. Inafukizwa pia katikati ya miji, nyuma ya ukuta ambao upande wake wa pili mama lishe anapika.

Madhara yake si ya kukisia. Mwaka 2003 watafiti waliwapima watu wa Rwamagasa, mkoani Geita, wakawalinganisha na kundi dogo la watu wa Katoro. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba takriban robo ya wachomaji wa dhahabu waliopimwa walikuwa na dalili za kudhurika na zebaki kwa muda mrefu. Dalili hizo ni kutetemeka mikono, kuyumba katika mwendo, kusahausahau, kukosa usingizi na hasira zisizo na sababu. Mtu wa namna hiyo kijijini huitwa mlevi, au husemwa amerogwa.

Kifaa cha kuzuia mvuke huo kipo, wala si cha ajabu: kikombe cha chuma chenye mfuniko, na bomba linalopita kwenye maji ili mvuke upoe na zebaki irudi kuwa majimaji, itumike tena. Fundi wa kuchomelea anaweza kukitengeneza. Mbona basi hakitumiki? Jibu la haraka ni ujinga, lakini tazameni mgao unavyofanyika. Donge moja linasubiriwa na mwenye leseni, mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, na vijana walioshuka shimoni, na hakuna anayemwamini mwenzake. Jiko la wazi linawaruhusu wote kuiona dhahabu mwanzo hadi mwisho. Kikombe cha chuma kinaificha. Aliyekibuni alikokotoa mvuke akasahau wivu, na teknolojia ya usalama isiyojali nani anamshuku nani itabaki stoo hata ikigawiwa bure.

Zaidi ya hapo kuna biashara. Mara nyingi anayempa mchimbaji zebaki kwa mkopo ni yuleyule atakayenunua dhahabu yake, na anayedaiwa hana ubavu wa kujadili bei. Isitoshe, zebaki huacha sehemu kubwa ya dhahabu, mara nyingi zaidi ya nusu, ndani ya mchanga tunaouita marudio. Marudio hayo huchukuliwa na wenye mitambo ya sayanaidi, wakavuna kile ambacho aliyevuta mvuke hakukipata. Mkataba wa kimataifa wa Minamata kuhusu zebaki, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unataka zikomeshwe desturi hizi hasa: kuchoma donge wazi, kuchoma penye makazi ya watu, na kuloweka kwa sayanaidi marudio yenye zebaki bila kuitoa kwanza. Mkataba umeona vizuri, ila haumtaji wa kuwalipa walioumia.

Linganisheni na Mwadui. Tarehe 7 Novemba 2022 kingo za bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Williamson huko zilibomoka, tope likafunika mashamba na makazi. Lilionekana, likapigwa picha, na mgodi wenye jina ulikuwepo wa kuulizwa na kulipa fidia. Moshi wa zebaki hauna mwenyewe. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unachangiwa na waajiri, ilhali kijana wa duarani anahesabiwa kuwa mbia wa mgao, hana mwajiri.

Hapa ndipo taaluma ya tiba inapoingia. Mwaka 1700 daktari Mwitaliano Bernardino Ramazzini aliwataka madaktari wawaulize wagonjwa kazi wanayoifanya. Kwetu swali hilo peke yake halitoshi, kwa sababu mgonjwa atajibu "mkulima", na atakuwa amesema kweli: analima masika, kiangazi yuko machimboni. Aulizwe kama amewahi kuchoma dhahabu, na inachomewa wapi. Aulizwe pia kuhusu vumbi la mwamba, kwa kuwa silikosisi hufanana na kifua kikuu kwenye picha ya eksirei, na humrahisishia kifua kikuu njia. Napendekeza vyuo vyetu vya afya, kuanzia Kolandoto hadi Bugando, viyaweke maswali haya kwenye mtihani wa vitendo. Lisiloulizwa kwenye mtihani, wanafunzi mnanielewa, halisomwi.

Nitaambiwa tabibu ana foleni ndefu na hana mashine ya kupima zebaki. Ni kweli. Lakini maswali haya hayafiki dakika moja, na wagonjwa watano wanaotetemeka kutoka mtaa mmoja ni habari tosha ya kumwita mtu mwenye mashine. Nitaambiwa pia kila mtu ana hiari na mwili wake. Hiari hiyo haimhusu mtoto aliye tumboni, ambaye zebaki humfikia kupitia kondo la nyuma.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kuandika hakubadilishi kitu. Katika mji wa Minamata wenyewe, nchini Japani, daktari wa hospitali ya kiwanda cha Chisso, Hajime Hosokawa, alimlisha paka majitaka ya kiwanda hicho, yenye zebaki, mwaka 1959, na paka akaugua kama watu walivyokuwa wakiugua. Kampuni ilinyamaza, na majitaka yakaendelea kumwagwa hadi mwaka 1968. Basi, watauliza, rekodi ya daktari ilisaidia nini? Ilisaidia mahakamani: ushahidi wa Hosokawa wa mwaka 1970 ulionyesha kwamba kampuni ilikuwa inajua. Kosa lilikuwa kuiacha rekodi mikononi mwa mwenye kiwanda. Kwetu itunzwe na zahanati ya umma, isomwe na mganga mkuu wa wilaya, kisha ipelekwe kwa afisa madini. Tangu soko la madini la Geita lilipofunguliwa mwaka 2019, kila gramu inayoletwa hapo hupimwa na kuandikwa ili serikali ipate mrabaha wake, na leseni ya uchimbaji ina jina na namba. Orodha ya wanaotetemeka ikiwekwa kando ya orodha ya leseni, afisa atajua aanze kugonga mlango wa nani.