Kadi za Mtandao na Ulinzi wa Ofisi za Vyama vya Msingi

Hotuba iliyotolewa Lupaso mbele ya makatibu na wanachama



Nashukuru kupewa nafasi ya kusema nanyi hapa Lupaso, mahali alipozaliwa Mzee Benjamin William Mkapa mwaka 1938 na alipozikwa mwaka 2020. Ni katika uongozi wake, mwaka 2003, nchi yetu ilipopata Sera ya Taifa ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano. Wakati ule kompyuta katika chama cha msingi ilikuwa jambo la kusimuliwa tu. Leo hatuna budi kuizungumza kama tunavyozungumza mizani na ghala.

Tangu mwaka 2007 korosho za Mtwara zimeuzwa kwa stakabadhi za ghala, na katika msimu wa 2024/2025 minada iliingizwa katika mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, yaani TMX. Jina la mkulima, kilo zake na namba ya akaunti yake ya benki vimo ndani ya kompyuta ya katibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka mwenye kuzishika taarifa hizo azilinde. Tukizembea, atakayeumia ni mkulima aliyetuamini.

Vyama vingi vinayo kompyuta ya zamani iliyowekwa kando. Kompyuta hiyo inaweza kufanywa ruta yenye ukuta wa kinga, ambao mafundi huuita fayawoli. Programu za kazi hiyo zipo na hazidai ada: mathalani OPNsense, iliyojengwa juu ya mfumo wa FreeBSD, na IPFire, iliyojengwa juu ya Linux. Kazi yake ni ile ya mlinzi wa ghala lenye milango miwili. Mlango mmoja unatazama nje kwenye intaneti, wa pili unatazama ndani kwenye kompyuta za ofisi, na hakuna kipitacho bila mlinzi kukikagua. Kila mlango ni kadi moja ya mtandao. Kompyuta nyingi za mezani zina mlango mmoja tu, kwa hiyo chama hununua kadi ya pili. Hapo ndipo fedha za wanachama hupotea.

Nilipata kuona chama kimoja, ambacho sitakitaja, kilichonunua kadi kwa kutazama jina lililo juu ya boksi. Kompyuta iliitambua, taa zikawaka, watu wakapongezana. Lakini kila mafaili makubwa yalipopita, kadi ilizimika yenyewe. Jambo hilo lilitokea katika siku za kuandaa orodha za malipo, na wakulima wakarudishwa nyumbani mara mbili. Muuzaji alikataa kuirudisha, akisema kwamba kadi ni nzima. Naye alisema kweli: kadi ilikuwa nzima, ila haikupatana na mfumo uliowekwa.

Ndugu zangu, sisi ni watu wa korosho. Hatununui gunia kwa maandishi yaliyo juu yake. Tunapiga bambo, tunatoa punje, tunazipasua na kutazama kiini. Kadi nayo ina kiini chake, nacho ni chipu. Jina la boksi ni la mfanyabiashara, na mfanyabiashara huyo anaweza kubadili chipu bila kubadili jina. Mfumo wa kompyuta haulisomi boksi. Unaisoma chipu, kisha unatafuta kiendeshi chake, yaani programu ndogo inayoufundisha mfumo namna ya kusema na kadi hiyo. Kiendeshi kisipokuwapo, au kikiwa dhaifu, kadi ni mzigo tu.

Kupiga bambo hapa si kazi ngumu. Katika Linux huandikwa amri lspci -nn, na katika FreeBSD pciconf -lv. Itaonekana namba ya mtengenezaji na namba ya chipu. Namba 8086 ni ya Intel. Namba 10ec ni ya Realtek. Kwa mfano, 8086:10d3 ni Intel 82574L, na 8086:1533 ni Intel I210, chipu mbili ambazo FreeBSD na Linux zimezizoea tangu miaka mingi. Ukiisha kuipata namba, itafute katika orodha ya vifaa vinavyokubaliwa na mfumo uliouchagua, kabla ya kulipa.

Chipu za Realtek ni za bei nafuu na zimeenea. Sisemi zote ni mbaya. Katika Linux nyingi hufanya kazi vizuri. Lakini katika FreeBSD zina historia. Bill Paul, aliyeandika kiendeshi cha chipu ya zamani ya RTL8139, aliacha ndani ya programu yenyewe maneno ya kuilaumu, kwa kuwa iliilazimisha kompyuta kunakili kila kipande cha taarifa, na hivyo kuichosha. Na RTL8125 ya gigabiti 2.5 ilipotoka, kwa muda mrefu kiendeshi cha kawaida cha FreeBSD hakikuitambua, ikabidi kuongeza kile cha mtengenezaji. Kwa hiyo upya wa kadi si dhamana ya kupatana kwake.

Pili, tazama nafasi ya kuchomekea. Nafasi ya PCI ya zamani haipokei kadi ya PCI Express, wala kinyume chake. Tena kompyuta iliyo nyembamba hudai kadi yenye bati fupi. Adapta za USB ni vema ziwe za dharura tu, maana zikilegea kidogo ofisi nzima hukatika.

Tatu, tusinunue kasi tusiyoihitaji. Chama chenye laini ya intaneti ya megabiti 20 kwa sekunde kinatoshelezwa na kadi ya megabiti 100 iliyo imara. Na tuhesabu umeme: kompyuta inayokula wati 60 usiku na mchana hutumia uniti 43 hivi kwa mwezi. Hesabu hiyo iletwe mbele ya kamati, isifichwe.

Mwisho, ijaribuni kadi kabla ya msimu. OPNsense huweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Patanene na muuzaji, kwa maandishi, kwamba kadi itarudishwa isipopatana. Kisha pitisheni mafaili makubwa kwa siku nzima, na katibu aandike katika daftari la mali namba ya chipu, namba ya toleo la mfumo na tarehe ya jaribio. Siku kadi itakapokufa, katibu atakayekuwapo atajua anunue ipi, hata kama fundi wa leo hayupo.

Ndugu Wanachama, mlinzi asiyeelewana na mlango wake hawezi kulinda ghala. Tupige bambo kwanza, ndipo tulipe.