Mume na Mke Wanapokusudia Kuhamia Ng'ambo: Nani Atangulie, na kwa Karatasi Gani

Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wakaazi wa Unguja na Pemba



Safari ya ng'ambo si jambo geni katika visiwa hivi. Tangu zama za majahazi ya msimu watu wa hapa wamekuwa wakienda na kurudi Maskati na Hadhramaut, na baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 familia nyingi zilijikuta zimegawanyika baina ya Zanzibar, Oman na Uingereza. Kilichobadilika ni mlango wa kuingilia. Zamani aliyekuwa na nauli na jamaa wa kumpokea alihesabiwa kuwa amekwisha kufika nusu ya safari. Siku hizi nauli ndiyo ya mwisho kufikiriwa, kwani kabla yake yapo maombi, ada, vyeti, mitihani na majibu ya kusubiri.

Mazungumzo haya yanahusu kadhia moja tu, nayo ni ya mume na mke waliokubaliana kuhama pamoja. Kwa kuwa haiwezekani kuzieleza nchi zote, mfano mkubwa utakuwa Uingereza, ambako jamaa wengi wa visiwani wanaishi na ambako taratibu zimebadilika sana katika miaka ya 2024 na 2025. Nchi nyengine zitatajwa kwa ufupi.

Jambo la mwanzo linalopaswa kueleweka ni kuwa serikali za kigeni hazitoi viza kwa nyumba nzima. Kila mtu huomba kwa jina lake, hulipa ada yake na hujibiwa peke yake, hata kama maombi yote mawili yamepelekwa siku moja. Hutokea mume akakubaliwa na mke akakataliwa, au kinyume chake. Aidha, katika viza nyingi mmoja huwa ni mwombaji mkuu na mwengine huandikwa mtegemezi wake. Kwa hivyo suali la nani awe mkuu na nani awe mtegemezi si la heshima ya nyumbani. Ni suali la nani mwenye kazi, elimu au udugu unaotambuliwa na nchi ile.

Kauli inayosikika mno katika shehia zetu ni hii: "Atangulie mmoja, mwengine atafuata." Kwa miaka mingi kauli hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake. Mwezi wa Februari 2022 Uingereza ilifungua mlango kwa wahudumu wa wazee na wagonjwa, nao waliruhusiwa kufuatana na wenza na watoto wao. Watu walipanga maisha yao kwa mpango huo: mke akatangulia, mume akabaki na watoto na skuli zao, ikakubaliwa kuwa baada ya mwaka mmoja nao wataitwa. Tarehe 11 Machi 2024 ruhusa hiyo ya kufuatana iliondolewa kwa waombaji wapya wa kazi hiyo. Aliyekuwa amekwisha kuingia katika njia hiyo kabla ya tarehe ile aliachiwa haki yake; aliyechelewa kwa siku chache tu, kazi akapewa lakini mume na watoto hawakuruhusiwa kumfuata. Tarehe 22 Julai 2025 mlango wenyewe ulifungwa kwa wanaoomba kutoka nje ya Uingereza.

Inafaa kusita kidogo hapa, kwani ndipo panapotokea hasara kubwa. Muuguzi aliyesajiliwa si mhudumu wa wazee mbele ya sheria ya Uingereza, hata ikiwa wote wawili wanavaa sare na kumwinua mgonjwa kitandani. Kila kazi huandikwa kwa namba yake maalumu katika cheti cha udhamini kinachotolewa na mwajiri. Muuguzi aliyesajiliwa na Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uingereza bado anaruhusiwa kufuatana na mume na watoto walio chini ya miaka 18, na mumewe huruhusiwa kufanya kazi. Zaidi ya hayo, kwa viza ya afya familia hiyo haitozwi ada ya matibabu. Lakini usajili huo una mitihani yake: mtihani wa lugha ya Kiingereza, mtihani wa nadharia unaofanywa kwa kompyuta, na mtihani wa vitendo unaofanywa huko huko Uingereza. Katika miaka ile ya mlango wazi, muuguzi mwenye stashahada na uzoefu aliyeona mitihani hii ni mirefu, akapokea kazi ya uhudumu ili aondoke haraka, alikuwa ameuza haki ya kufuatana na mumewe pasi na kujua. Hakuna aliyemdhulumu kwa maana ya sheria. Namba iliyoandikwa katika cheti ndiyo iliyokuwa nyengine.

Wananchi wanatahadharishwa vile vile juu ya mawakala. Tanzania imo katika orodha ya nchi ambazo Shirika la Afya Duniani lilizitangaza mwaka 2023 kuwa na upungufu mkubwa wa wafanyakazi wa afya, na Uingereza imejifunga kutoandikisha wafanyakazi hao kwa kampeni katika nchi za orodha hiyo. Mtu mwenyewe hakuzuiwa kuomba kazi moja kwa moja kwa mwajiri. Lakini anayekuja mtaani na fomu mkononi, akidai fedha na kuahidi kuwapeleka wauguzi kwa makundi, aulizwe kwanza anafanya hivyo kwa idhini ya nani.

Kwa upande wa masomo hali ni karibu na hiyo. Kwa kozi zilizoanza tarehe 1 Januari 2024 na baada yake, mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya kusomeshwa darasani haruhusiwi kufuatana na mwenza wake. Waliobakishwa ni wanaofanya shahada za utafiti, kama vile uzamivu, na wanaosomeshwa kwa ufadhili kamili wa serikali katika kozi inayozidi miezi 6. Kifungu hiki cha mwisho kinawahusu watumishi wa Serikali. Mtumishi aliyepata ufadhili wa serikali aiangalie barua yake kwa makini kabla ya kuagana na mkewe kwa mwaka mzima, kwani pengine hapakuwa na haja ya kuagana.

Njia nyengine ni ya ndoa yenyewe, pale ambapo mmoja ni raia wa Uingereza au mkaazi wa kudumu huko. Njia hii haihitaji kazi ya mwombaji, lakini ina kizingiti cha fedha. Kuanzia Julai 2012 aliyeko Uingereza alitakiwa awe na pato la pauni 18,600 kwa mwaka. Tarehe 11 Aprili 2024 kiwango hicho kilipandishwa kwa waombaji wapya hadi pauni 29,000. Linalowashangaza wengi ni kuwa mshahara wa mwombaji aliyeko Zanzibar hauhesabiwi, hata ukiwa mkubwa namna gani. Unaotazamwa ni wa yule aliyeko kule. Asiyekuwa na pato hilo anaweza kuonesha akiba ya pauni 88,500 iliyokaa miezi 6, jambo ambalo kwa watu wa kawaida ni kama kutoambiwa kitu. Wanaopokea baadhi ya posho za ulemavu husamehewa kiwango hicho na hupimwa kwa namna nyepesi zaidi.

Gharama nazo si ndogo. Kwa viwango vya mwaka 2025 ada ya maombi ya mume au mke kutoka nje ilikuwa pauni 1,938, na ada ya matibabu ni pauni 1,035 kwa kila mwaka, ambayo kwa viza ya mwanzo ya miezi 33 hufikia pauni 3,105. Maombi yakikataliwa ada ya matibabu hurejeshwa. Ada ya maombi hairejeshwi. Mwombaji hufanya pia mtihani mwepesi wa kuzungumza na kusikiliza Kiingereza, na kwa kuwa anatoka Tanzania hutakiwa cheti cha uchunguzi wa kifua kikuu. Alama za vidole hutolewa Dar es Salaam, kwa hivyo nauli ya boti na malazi viingizwe katika hesabu, hasa kwa wa Pemba.

Sasa yatazamwe mambo ya ndoa zetu. Visiwani ndoa nyingi hufungwa kwa uwakili, bwana harusi akiwa mbali na wakili wake akikubali kwa niaba yake. Ndoa hiyo ni sahihi kwa sheria ya dini na hakuna anayeipinga hapa. Hata hivyo, taratibu za Uingereza hutaka mume na mke wawe wamewahi kukutana ana kwa ana, na kuonana kwa simu ya video hakutoshi. Bwana aliyeoa kwa uwakili bila ya kumuona mkewe inamlazimu aje kwanza, na ushahidi wa safari hiyo uhifadhiwe. Hali kadhalika, mwenye wake wawili hawezi kuwapeleka wote kwa njia ya ndoa. Akikwisha kumpeleka mmoja, wa pili hazingatiwi maadamu ndoa ya wa mwanzo ipo. Ni bora neno hili lisemwe mapema mbele ya wahusika wote kuliko kugundulika kwa barua ya balozi.

Cheti cha ndoa ndicho kinachofungua faili. Karatasi ya mwozeshaji peke yake haitoshi. Ndoa isajiliwe na cheti kitolewe na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2018. Cheti kilichoandikwa kwa Kiswahili kitafsiriwe na mfasiri anayetia saini na tarehe. La kuchosha zaidi, na lenye kuangusha maombi mengi, ni majina. Mtu mmoja huitwa Hamis katika cheti cha kuzaliwa, Khamis katika kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, na katika pasipoti jina la babu limeachwa. Kwetu sote ni mtu yule yule na Sheha anamjua tangu utotoni. Ofisa aliye maili elfu kadhaa hamjui, naye anaona watu watatu. Masahihisho haya huchukua muda na yaanzwe kabla ya maombi, si baada ya kukataliwa.

Pamoja na cheti, huulizwa dalili za kuwa ndoa ni ya kweli: mawasiliano, stakabadhi za fedha zilizotumwa, tiketi za safari, picha. Wapo wazee wasiopenda picha za harusi, na hilo ni lao. Lakini picha mbili tatu za heshima pamoja na familia zimewasaidia wengi.

Kuhusu nchi nyengine, Ujerumani tangu mwaka 2007 humtaka mwenza anayefuata, isipokuwa kwa waliosamehewa, kujua Kijerumani cha ngazi ya mwanzo kabla ya kuondoka, na masomo yake yanapatikana Dar es Salaam. Denmark tangu mwaka 2002 hutaka kwa kawaida wote wawili wawe wametimia miaka 24. Oman, iliyo karibu zaidi na nyoyo za wengi, ilikuwa ikimtaka raia wake apate kibali cha serikali kabla ya kuoa au kuolewa na mgeni, na ndoa kadhaa zilizofungwa hapa zilikwama kwa sababu hiyo. Sharti hilo liliondolewa kwa Amri ya Sultani namba 23 ya mwaka 2023. Nyaraka za ndoa zinahitaji bado kuthibitishwa.

Lipo jambo moja ambalo aghalabu halizungumzwi siku ya kufunga mizigo. Mtegemezi husimama juu ya kibali cha mwenzake. Mwajiri akipoteza leseni au kazi ikikoma, kwa kawaida mfanyakazi hupewa siku 60 atafute mdhamini mwengine, na mtegemezi wake huhesabiwa siku hizo hizo. Ndoa ikivunjika, kibali kilichotolewa kwa ajili ya ndoa hiyo hupoteza msingi wake. Wapo waume wachache wanaolitumia hilo kuwatisha wake zao, kwa kuwaambia kuwa wakilalamika watarejeshwa. Wazazi wanaowaaga mabinti wao inafaa wajue, na mabinti wenyewe wajue zaidi, kuwa mwenye viza ya ndoa aliyepigwa au kunyanyaswa anaweza kuomba kibali cha muda cha miezi 3 kinachosimama kwa jina lake mwenyewe, na ndani ya muda huo akaomba ukaazi wa kudumu. Na tangu Februari 2024 wenza wa wafanyakazi na wanafunzi nao hupata kibali hicho cha miezi 3. Mjane au mgane wa raia anaweza pia kuomba kubaki. Pasipoti ikae kwa mwenyewe.

Watumishi wa Serikali wanakumbushwa kuwa anayetaka kumfuata mwenzake aombe ruhusa kwa maandishi na asubiri jibu. Kuondoka kimya kimya ni utoro kazini, na faili la utoro humsubiri mtu hata baada ya miaka kumi.

Viza ya matembezi isitumiwe kwa nia ya kuhamia, kwani mgeni wa matembezi hawezi kuibadilisha kuwa viza ya ndoa akiwa ndani ya Uingereza. Na anayepeleka waraka wa kughushi, hata ukiwa ni taarifa ya benki iliyotengenezwa na jamaa kwa nia ya kusaidia, anaweza kukataliwa viza kwa miaka 10.

Aliyekataliwa kwa haki asikate tamaa wala asiombe upya kwa haraka kwa karatasi zile zile. Barua ya kukataliwa hutaja sababu, na isomwe hadi mwisho, kwa msaada wa anayejua Kiingereza cha sheria ikibidi. Kwa maombi ya mume au mke wa raia, rufaa hukatwa ndani ya siku 28 kwa aliyeko nje ya Uingereza, na siku hizo huhesabiwa tangu alipoipokea barua.