Daktari wa Joachimsthal na Wala Shaba wa Katanga



Historia ya kuzuka kwa sayansi ya kisasa Ulaya husimuliwa kuanzia mbinguni: Copernicus mwaka 1543, kisha Galileo na darubini yake. Mimi ninasema nikiwa Lubumbashi, mji wa shaba, basi nitaanzia mashimoni.

Mwaka 1527 Mjerumani Georgius Agricola alikuwa daktari wa Joachimsthal, mji wa machimbo ya fedha. Akawatibu wachimbaji, akawahoji, akatazama wanavyoyeyusha mawe. Kitabu chake, De re metallica, kilichapishwa Basel mwaka 1556, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Aliwalipa wachoraji wachore pampu, ngazi na tanuru jinsi zilivyo. Msomi wa Kilatini alikubali kufundishwa na watu wenye masizi mikononi. William Gilbert naye, alipoandika juu ya sumaku mwaka 1600, alitegemea majaribio ya Robert Norman, fundi wa dira. Mwanafalsafa Edgar Zilsel alidai kwamba sayansi mpya ilizaliwa hapo, ukuta kati ya msomi na fundi ulipobomoka. Alitia chumvi kidogo, maana hesabu za Copernicus hazikumhitaji mhunzi. Lakini kwa elimu ya madini namkubali.

Huku kwetu Katanga mafundi, wale walioitwa wala shaba, hawakukosekana. Makaburi ya Sanga, katika bonde la Upemba, yametoa misalaba ya shaba iliyozikwa kabla Agricola hajazaliwa. Basanga na Bayeke waliitambua shaba kwa vilima visivyoota miti. Kiangazi, mavuno yakiisha, walichimba malakiti, jiwe lenye shaba, wakaiyeyusha kwa makaa katika tanuru za udongo wa kichuguu, wakivukuta hadi shaba itiririke. Mjiolojia Jules Cornet alipopita mwaka 1892 aliyakuta mashimo yao, na watafutaji waliomfuata waliongozwa na mashimo hayohayo. Kampuni ya madini ya Union Minière iliundwa mwaka 1906. Tarehe 30 Juni 1911 shaba yake ya kwanza ikamiminwa hapa mjini. Ilipofika mwaka 1924, wazee waliwasha tanuru tena ili wamisionari waone, na mmoja wao, Jean-Félix de Hemptinne, akaandika. Agricola aliandika kazi ikiwa hai. Hapa kalamu ilifika moto umeshazimwa.

Mawe ya Joachimsthal ndiyo yaliyowapa akina Curie radiumu. Mwaka 1915 urani iligunduliwa Shinkolobwe, hapa Katanga, na kuanzia 1922 radiumu ya mawe hayo, iliyosafishwa Ubelgiji, ikauangusha mji ule sokoni. Jiwe letu lilivuka bahari. Elimu yake ikabaki huko.

Leo wachimbaji wa mkono wa Kolwezi na Likasi wanasoma rangi ya udongo kila siku, nasi tunawahesabu kama tatizo la usalama tu. Ninakiomba Kitivo cha Politekniki kiwapeleke wanafunzi kwao na daftari, waandike wanayoambiwa, wayapime maabarani, na wakichapisha, majina ya mafundi hao yawekwe ukurasa wa kwanza pamoja na yao.