Kawia Ufike



Ndugu zangu vijana, na wazazi wetu mlio nasi, leo nataka tuzungumze kidogo juu ya jambo linalotunyima usingizi vijana wengi wa Kisii na Nyamira, nalo ni kuchelewa. Umemaliza kidato cha nne, mwenzio ameitwa chuo, wewe bado uko nyumbani unachuma majani chai. Binamu yako ameshajenga, wewe hata kitanda si chako. Unajiona umri umekutupa, na una miaka 22 tu!

Mimi pia yamenipata. Baada ya mtihani nilikaa miaka miwili nikiuza ndizi kwa kukosa karo. Nikiwaona niliosoma nao wanakuja, napita njia nyingine kwa aibu. Leo niko chuoni, na wallahi, kitabu nakishika vingine kabisa kwa kuwa naijua bei yake. Hiyo ni faida ya kwanza: ulichokingoja hukichezei.

Ya pili tumuulize mwana wa Kisii, Yobes Ondieki, aliyezaliwa 1961. Mwaka 1988 huko Seoul alifika fainali ya Olimpiki ya mita 5,000. Dhahabu akaichukua Mkenya mwenzake, John Ngugi, yeye akarudi mikono mitupu. Mwaka 1991, akiwa na miaka 30, akawa bingwa wa dunia mjini Tokyo. Mwaka 1992 kwenye Olimpiki ya Barcelona, tena hakupata medali. Wengi wangesema, basi, huyu wakati wake umepita.

Julai 1993, Richard Chelimo, kijana wa miaka 21, akavunja rekodi ya dunia ya mita 10,000. Siku tano baadaye huko Oslo, Ondieki wa miaka 32 akakimbia kwa dakika 26 na sekunde 58. Akawa mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya dakika 27. Sasa niambie, ile miaka ya kushindwa ilipotea bure? Mtu aliyekwisha anguka na kuinuka, kuanguka tena hakumtishi.

Faida ya tatu ni jina jema. Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, wahyi ulimshukia akiwa na miaka 40. Kabla ya hapo alichunga mifugo na kufanya biashara, na watu wa Makka wakamwita Al-Amin. Uaminifu wake waliujua kabla ya kuujua utume wake.

Lakini tusidanganyane, ndugu yangu. Kuchelewa sio kulala. Mche wa chai unausubiri kama miaka mitatu ndipo uanze kuchuma, lakini miaka hiyo yote unapalilia. Asiyepalilia hangojei chai, anangojea magugu.

Nanyi wazazi, tunawaomba kwa heshima, msitupime kwa mtoto wa jirani. Kijana wenu akitaka kurudia mtihani au kujifunza ufundi akiwa na miaka 25, mshikeni mkono.

Jioni hii ukifungua saumu, onja yale maji. Ni yale yale yaliyokuwa mtungini tangu alfajiri. Mbona Magharibi ni matamu hivyo?

Ramadhan Kareem. Wabillahi tawfiq.